Togwa ya Kuamkia Watakatifu Wote

Tangu Sylvesta afe, Bernadina hakupika pombe tena. Mwanawe aliwasindikiza wenzake baada ya ngoma ya kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, amelewa pombe ya mama yake mwenyewe, akateleza gizani akaangukia korongoni. Kijiji kizima cha Endabash kilijua, na hakuna aliyemlaumu mbele yake. Kilichomkosesha usingizi si lawama, ni kimya. Ngoma ilikoma. Zamani vijana walichezea uani kwake, Sylvesta akiongoza kwa ile sauti nene aliyoipata kabla ya ndevu.

Mwaka wa themanini na nne, katekista Josephati alimjia. Vijana walitaka siku yao irudi: wafagie makaburi, wayapambe maua, kisha wacheze.

"Nimewakubalia kwa sharti moja," alisema. "Akinuka mtu pombe, basi, hakuna ngoma tena. Nao wanataka kuchezea kwako."

"Kwangu?"

"Ndivyo walivyosema, Mama Sylvesta. Mimi nimetumwa tu."

Sukari ilikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo Bernadina aliamua kuwapikia togwa isiyolevya, ambayo hupata utamu wake kwenye kimea. Alipika uji, ukapoa, akautia kimea cha ulezi, akaumimina kwenye chungu chake kikubwa, maana hakuwa na kingine cha kuwatosha. Kwanza alikisugua kwa majivu mpaka viganja vikawaka. Kwa furaha ya kungoja wageni akasahau jambo ambalo kila mpika pombe analijua: chungu kilichozoea pombe hubaki nayo, usugue usisugue. Chachu imekwisha kuingia kwenye udongo.

Siku yenyewe, mchana, alifunua. Povu lilikuwa limepanda hadi mdomoni mwa chungu. Alionja. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa pombe.

Hamisa, mke wa mwenye duka la njia panda, alikuja kumletea vikombe vya kuazima akamkuta ameketi chini. Kutoka makaburini nyimbo zilikwisha kuanza.

"Mbona umekaa kama bibi harusi aliyekimbiwa?"

"Onja hii."

"Mimi? Unanitakia nini, Mama Sylvesta?" Hamisa aliinama akanusa tu, akarudi nyuma. "Hii inanuka toka mlangoni."

"Imekolea kidogo tu. Nikiimwaga nitawapa nini? Watakwenda kwenye vilabu vya pombe, na hapa hawatakanyaga tena."

Hamisa alivipanga vikombe juu ya kinu, polepole. Bernadina alisikiliza zile nyimbo mpaka ubeti ukaisha. Kisha akainuka, akakikumbatia chungu, akakiinamisha. Togwa ilitiririka uani, kuku wakaikimbilia.

Hamisa alikwenda kwake akarudi na sufuria anayopikia uji wa Ramadhani, tangawizi na chupa ya asali. Bernadina akatoa maziwa yote ya asubuhi. Chai ilikuwa inachemka vijana walipoingia, vumbi miguuni, maua yaliyobaki yamechomekwa masikioni.

"Mama, tumesikia kuna togwa," alisema Inosenti, aliyekuwa mbele.

"Wamekunywa kuku."

Walidhani ni mzaha, mpaka jogoo alipojaribu kurukia wigo akaanguka upande wa pili. Walicheka hadi wakashikana mabega. Kisha wakacheza, na Inosenti akaongoza wimbo. Bernadina alifumba macho. Sauti haikuwa ile, ilikuwa nyembamba mno, lakini wimbo ulikuwa uleule, na kila ulipopumua aliijaza nafasi kwa sauti aliyoikumbuka.

Jua lilipokaribia kuzama, aliifunika sufuria.

"Mama, wimbo mmoja tu," Antonia, mmoja wa wasichana, alimsihi. "Ndiyo kwanza tumechangamka."

Alitaka kumwambia waimbe hata kumi, walale hapahapa, wafanye fujo mpaka asubuhi.

"Njia bado inaonekana," alisema. "Nendeni sasa, wote pamoja. Msiachane."

Waliondoka wakiimba. Bernadina alishika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili, asije akawaita.