Vile baba alinikatisha dawa ya kutulia, camp ya société, wakati ya Zaïre

Bakubwa bote ba humu, pamoja na bale banasomaka mu siri bila kuandika kitu, jambo yenu.

Mi ni muzee wa quartier Hewa Bora. Naandika na kidole moja, juu masomo yangu iliishia mwaka ya tatu primaire. Mutasikia juu ya nini.

Mwenye ananijua anajua napenda kutia chumvi. Nikiua panya, mu mudomo yangu inakuwa simba. Lakini hii ya leo, chumvi natia pembeni-pembeni tu. Katikati yake ni kweli tupu, naapa ku jina ya mama yangu.

Nimeona hapa munagombana juu ya batoto benye habatulii. Docteur anabapa dawa, kisha bazazi banaikata. Banaita ADHD, ao TDAH mu français. Bazazi banaandika, balimu banaandika, hata bale baliona tu video moja banaandika.

Sijaona hata mutoto moja mwenye alikunywaka ile dawa.

Basi, niko hapa.

Tulikuwa tunakaa mu camp ya société ya shaba, Lubumbashi. Wakati ya Zaïre, parti moja, kila mukubwa ni "citoyen". Baba alikuwa anatumika ku fonderie, ku ma machine ya kupuliza hewa mu four ya kuyeyusha shaba. Sirène inalia, anaenda. Sirène inalia, anarudia. Nyumba ya matofali, mposho ya unga, hôpital ya bure. Bantu bote balikuwa na ratiba.

Mi sikuwa na ratiba.

Jina yangu ya kweli baliisahau, baliniita Moteur. Nilikuwa nakula bukari, ile ugali yetu, nikiwa natembea. Siku moja balinikuta nalala juu ya paa ya jirani, mpaka leo sijui nilipandaka namna gani. Nilivunja viti ya kwetu yote, nikaingia ku viti ya bajirani, na kama bangeniacha ningefika ku ya gouverneur.

Kutoka asubui mpaka magaribi, camp muzima ilikuwa kazi yake ni kuniita. "Moteur, shuka!" "Moteur, achia ile kuku ya bantu!" "Weye Moteur, mama yako iko wapi?"

Sasa, batoto ba leo habajue hii: ile wakati, asubui ku masomo, bendera ikiwa inapanda, unasimama kama muti. Hata muntu wa baiskeli mwenye anapita inje, anashuka. Inzi ikikaa ku pua yako, unaiacha ikae.

Siku moja bendera iko katikati, tunaimba, naona panzi. Panzi mukubwa, wa kijani, kama kiatu ya docteur. Miguu yangu haikuniuliza. Nilipita chini ya kamba, nikagonga maître mwenye alikuwa anaivuta, bendera ikashuka mbio mpaka ku kichwa yake.

Batoto balinyamaza. Ndege zilinyamaza. Nazani hata fonderie ilinyamaza kidogo.

Maître alinileta kwetu na sikio yangu ku mukono yake. Haikukuwa hasira, ilikuwa woga. Akamuambia mama: "Mama Moteur, mi niko na batoto. Unataka banifunge juu ya panzi?"

Baba alinipiga ile jioni. Ni mara moja tu mu maisha yake.

Kisha hôpital. Docteur muzungu aliniangalia nikiwa niko nafungua tiroir ya meza yake, akasema niko "instable", mwenye hatulii, akaandika binini: bidonge bidogo bya mweupe, moja kila asubui. Directeur wa masomo naye akasema: akitulia, arudie. Asipotulia, akae kwenu.

(Naona mwenye ameshaandika "chai" huko chini. Bwana, chai inataka sukari, hii haina. Ngoja kwanza.)

Bakubwa, sitadanganya: ile dawa ilifanya kazi. Mara ya kwanza mu maisha yangu nilisikia maître anamaliza sentensi. Nilijifunza kusoma. Hii herufi muko munasoma hapa, mi nilizipata mu ile miezi ya binini. Bendera inapanda, mi niko muti.

Lakini bukari ilikataa kupita. Na ma copain ba mupira balikuja kuniita, nikasema nakuja, sikuenda. Bakaja tena, nikasema nakuja. Kisha habakuja tena. Mi nilikuwaka gardien wao ku goli! Bakatafuta mwingine, muguu yake moja iko mufupi, bakasema iko muzuri kunipita.

Camp ilinyamaza. Nilikuwa napita barabara muzima, kutoka ku bomba ya maji mpaka ku cantine, hakuna hata mama moja anapaza sauti. Bananiangalia, bananitikisia kichwa, "mutoto amekuwa muzuri," kisha banarudilia kazi yabo. Nilizania kufokewa ni mateso. Kumbe bantu bakiacha kukufokea, habana tena sababu ya kutaja jina yako.

Hii yote ningeivumilia. Ya baba njo ilinishinda.

Mimi na baba tulikuwa na kazi yetu ya jioni. Anatoka ku fonderie, ananawa, anakaa inje ku kiti (ile moja nilikuwa bado sijavunja), ananiambia: "Sema." Basi mi namusemea siku muzima, na mikono, na miguu, na sauti ya kuku, na sauti ya mama jirani. Anacheka mpaka anashika mbavu.

Na binini, sauti yangu ilishuka. Nilikuwa nakaa karibu yake, namuambia bintu yangu pole-pole, vile bantu ba kweli banasema. Ananiangalia. Anangoja. Kisha uso yake inafunga kama dirisha, anaangalia barabara.

Ikawa vile jioni kwa jioni. Mi nasema, yeye anaangalia barabara. Nikazani amenichoka. Shiye wawili, mikono karibu igusane, na kila muntu peke yake.

Kumbe yeye alikuwa na mawazo yake. Kwetu, mutoto akimufungia baba roho, habamupigi. Banaita mujomba, kaka ya mama. Banatafuta kuku. Mutoto anatoa yote mbele ya bantu, kisha kuku inaliwa pamoja, na neno inaisha. Baba akatuma habari mpaka Pweto, kwenye mujomba alikuwa anauzisha samaki ya kukauka. Mujomba akakuja na camion, ananuka samaki mpaka inzi za Pweto zilikuja naye.

Tukakaa. Kuku iko mu mikono ya baba, bado muzima.

Baba akasema: "Shemeji, huyu nilimupiga juu ya ile bendera. Tangu pale ananifungia roho. Anakaa karibu yangu, ananitikisia midomo kama samaki, sauti hatoi. Ananicheka, ao amenilaani?"

Mujomba akanigeukia. "Moteur, mutoto wangu, uko na kisirani ku roho juu ya baba yako?"

Nikasema: "Hapana, mujomba. Nilishamuachilia zamani. Kila jioni namuambia habari ya masomo, hanijibu."

Baba akaruka: "Munaona? Midomo tu!"

Mama akaniangalia. Mujomba akaniangalia. Kisha mujomba akasimama, akapita nyuma ya kiti ya baba, na sauti ya kawaida kabisa akasema:

"Shemeji, nyumba yako iko inaungua."

Baba aliendelea kupapasa kuku.

Mama aliweka mukono ku mudomo.

Mujomba akarudia mbele, akainama mpaka pua kwa pua, akapaza: "Mutoto anakujibu! Ni weye!"

Ile ma machine ya kupuliza, bakubwa. Miaka yote karibu nayo, ilikula masikio yake. Na mi na makelele yangu njo nilikuwa naficha ile bukiziwi, juu sauti yangu ile ya kwanza ingefika hata mu kaburi. Siku nilitulia, baba akabaki peke yake ndani ya kichwa yake, na hakujua.

Unajua neno yake ya kwanza? "Musiseme ku kazi." Juu kiziwi banamutosha ku machine, banamufukuza, na ukitoka ku kazi, nyumba ya camp si yako tena.

Kuku tulikula, lakini haikuwa na utamu.

Asubui mama analeta kinini na kikombe ya maji. Baba akafunga mukono yake juu ya mukono ya mama.

"Leo hapana."

"Baba Moteur, na masomo?" Mama alimupazia ku sikio.

"Masikio inaenda. Sijui imebakiza siku ngapi. Huyu nitamusikia wapi?"

"Basi uniambie wazi. Unataka asome, ao unataka akupigie makelele?"

Baba alisukuma kikombe pembeni. Kisha akasema: "Anipigie makelele."

Mama alilia, na alikuwa na haki. Mi nilikuwa pale mezani, mukate mu mukono. Hakuna mwenye aligeuka kuniuliza. Na kama bangeniuliza, sijui ningejibu nini. Nilikuwa nataka kusoma. Nilikuwa nataka baba. Nilikuwa nataka yote mbili.

Siku za kwanza bila binini nilikuwa mubaya. Nalala, nalia bila sababu, nakula sufuria ya bantu ba mazishi. Kisha Moteur akarudia. Jioni nasimama mbele ya ile kiti, napasua sauti, na baba anacheka mpaka machozi. Bajirani ba barabara tatu habakuwa tena na lazima ya radio. Mama anajifunga kitambaa ku masikio, anapika.

Ba mupira, wapi. Balishazoea gardien wa muguu mufupi. Nilibaki na muntu moja tu wa kunisikiliza, lakini alikuwa ananisikiliza yote.

Ku masomo sikumaliza hata ile mwezi. Bendera inapanda, nikakimbia, na safari hii hakukuwa hata panzi. Directeur akanifukuza. Maître mwenyewe alinirudisha kwetu, sikio yangu hakuigusa. Akasimama mbele ya baba, akasema pole-pole, macho chini:

"Citoyen, mutoto alikuwa ameshaanza kusoma muzuri sana."

Baba akatikisa kichwa, akacheka kidogo ya heshima. Hakusikia. Akaniangalia nimufikishie.

Basi mi njo nilimupigia ile makelele: "BABA, ANASEMA NILIKUWA NASOMA MUZURI SANA!"

Camp muzima ilisikia. Uso ya baba ile saa, niko nayo mpaka leo.

Tulipata mvua mbili pamoja, ni kusema miaka mbili, na kipande. Kisha jioni moja niko namuelezea hadithi ya mbuzi ya maître, sijafika hata ku mbuzi, yeye akacheka. Akacheka mara ingine, pahali hakuna kitu. Nikapaza, nikapaza, mpaka koo ilipasuka. Alikuwa anaangalia mikono yangu tu, anachagua pahali pa kucheka.

Nilimumalizia hadithi muzima. Ya kesho yake pia nilimusemea.

Sasa fundisho, juu humu bila fundisho munamufukuza muntu.

Mi si docteur. Musikate dawa ya mutoto juu ya uzi yangu, muende kuuliza benye balisoma, na musiikate mu siku moja kama vile bo balifanya. Siseme binini ni mubaya, bilinipa herufi. Siseme baba alikosa, alinipa yeye mwenyewe. Nasema tu: mutoto akitulia, musifurahi mukaenda zenu. Mukae naye. Na mbele ya kumupa ao kumukatisha, mumuulize, hata kama atajibu bya bure.

Benye mulikunywaka mukiwa batoto, na benye balikatishwa, muandike hapa. Kuna mwenye alibaulizaka ninyi?

Batoto bangu bote bako mbali, nyumba iko kimya kabisa, na simu iko na charge. Nitasoma kila neno, hata matusi.