Ufunguo Kiganjani

Mzee wa magari wa halmashauri hatoi ufunguo kabla ya salamu. Kila asubuhi huubana kwenye kiganja chake chenye nyufa zilizojaa grisi, akamuuliza dereva habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, za mvua ya Mtinko, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuuliza. Aneth, muuguzi anayepeleka chanjo vijijini, alidhani ni adabu tu za kizee, tena za kupotezeana muda. Leo alikuwa ameshakaa garini, boksi la chanjo magotini, aliposikia dereva wake, Obadia, akisalimiwa. Obadia aliingia alfajiri kutoka Dodoma. Mzee naye alikesha kulisubiri gari, kama kawaida yake.

"Watoto hawajambo?"

"Marahaba," Obadia akajibu.

Kiganja hakikufunguka. "Kalale, mwanangu."

"Mzee, samahani, akina mama wananisubiri Iguguno!" Aneth akasema dirishani. "Nani atanipeleka?"

Madereva wengine wote walikuwa safarini. Mzee akashusha pumzi, akazunguka gari akigusa tairi moja moja kwa mgongo wa mkono, kisha akapanda mwenyewe. Akafunga mkanda, akangoja Aneth naye afunge. Wakafika getini.

"Shikamoo, baba," mlinzi akamwamkia huku akifungua.

"Hawajambo," mzee akaitika.

Mlinzi akacheka. Mzee hakucheka. Alizima gari palepale, geti likiwa wazi, akachomoa ufunguo, akaubana kiganjani.

Aneth akafungua mkanda bila kuambiwa.