Waliposema Nimekwenda China

Kosa ninalotaka kuliweka hadharani ni uongo wa heshima. Namaanisha ule uongo ambao familia huusema kwa nia njema pale mmoja wao anapougua akili. Akiugua malaria, majirani huitwa. Akivunjika mguu, nyumba hujaa matunda na mazungumzo. Akiugua akili, husemwa amesafiri. Mimi nilisafirishwa kwa namna hiyo, na nusura nisirudi.

Naitwa Damian Haule, mzaliwa wa Songea, mkazi wa Kariakoo kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Nauza mabegi ya shule, madaftari na kalamu. Naishi na mke wangu, Mama Tumaini, ghorofa ya tatu, juu ya duka letu. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kuamka alfajiri, kusoma kurasa chache za kitabu, kunywa chai ya tangawizi, kisha kushuka dukani shati likiwa limechomekewa. Mtaani waliniita Mwalimu ingawa sijawahi kufundisha. Nadhani ni kwa sababu ya kukemea. Niliwakemea waliotupa maganda ya miwa barabarani, wachukuzi waliotukana mbele ya watoto, na vijana walionisalimu "Mambo?" badala ya "Shikamoo". Sijaacha kukemea, wala sina mpango huo.

Niliyemkemea kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Lindi, mwenye duka la mabegi mkabala na langu. Aliweka spika kubwa mlangoni, na kutwa nzima sauti yake iliyorekodiwa ilirudia: "Begi gumu, begi la mwanao! Halichaniki hata akilikalia!" Mtaa mzima ulimwita Mama Spika. Kila asubuhi nilivuka barabara kumtaka apunguze sauti.

"Karibu, Mwalimu," alikuwa akisema. "Umekuja kuchukua dozi yako ya asubuhi?"

"Mama, hapa ni mahali pa biashara, si uwanja wa mpira."

"Basi na wewe funga bao moja, tukuone!"

Alipunguza kidogo. Nikigeuka, alipandisha.

Ugonjwa ulianza shule zilipokwisha kufunguliwa na wateja kupungua. Kwanza usingizi ulinitoka. Kisha ladha ikatoka kinywani, chai ya tangawizi ikawa kama maji yaliyooshewa vyombo. Ulimi ulikauka ukawa na utando mweupe. Choo kilikuwa kigumu, tumbo likajaa gesi, na mkanda ukahitaji tundu jipya. Mikono ilitetemeka nikihesabu kalamu. Nilisoma mstari uleule wa kitabu mara nyingi bila kujua unasema nini, na jambo hilo liliniogopesha kuliko kukonda. Siku moja mteja aliniuliza kama nina rula ndefu. Nikaanza kulia mbele yake, na sikuweza kunyamaza.

Zahanati walinipima malaria na taifodi, wasione kitu. "Mzee, damu yako safi," mpimaji aliniambia. "Nenda kapumzike."

Nilipumzika hadi nikashindwa kuamka. Niliacha kuoga. Nilijisikia harufu yangu mwenyewe na nisijali. Ndipo likaja wazo baya kuliko yote, kwamba mke wangu na binti yangu Tumaini wangepumua vizuri zaidi iwapo nisingekuwapo duniani. Nalitaja wazo hilo kwa makusudi, kwa sababu anayelificha hubaki nalo peke yake chumbani.

Mke wangu alimwita kaka yangu mkubwa, Osmund, mkulima wa mahindi huko Songea. Alikuja akiwa na mapenzi ya kweli na mpango mbovu.

"Shemeji," alimwambia mke wangu, nami nikisikia kutoka kitandani, "wakijua, nani atanunua kwake? Nani atakuja kumposa Tumaini? Tuseme amekwenda China kufuata mzigo. Ijumaa tunapanda naye basi, akapone nyumbani kimya kimya."

"Na matibabu je, shemeji?"

"Atapumzika."

"Amepumzika vya kutosha! Amepumzika mpaka ananuka."

Hata hivyo kaka alikuwa mkubwa wa ukoo, na neno lake likapita. Mimi sikuwa na nguvu ya kukubali wala kukataa. Nilijua tu kwamba nikipanda basi lile nitafungiwa chumbani na lile wazo langu, mbali na yeyote wa kulitibu.

Kaka hakujua jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua. Majuma hayo Wachina husherehekea mwaka wao mpya. Viwanda hufungwa, maduka ya jumla hufungwa, wafanyakazi hurudi kwao. Hakuna mwenye akili timamu anayepanda ndege kwenda kutazama makufuli milangoni. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua kwamba sikwenda China. Lakini wote waliitikia kwa adabu, na wengine wakautia uongo viungo. Bwana Rashidi, muuza viatu wa jirani, alimwagiza mke wangu: "Mwambie asinisahau soli za raba!"

Mama Spika peke yake alikataa adabu hiyo. Asubuhi moja alipandisha sauti ya spika hadi vioo vyetu vikatetemeka. Begi gumu! Begi la mwanao! Nilivumilia, nikavumilia, kisha nikainuka kwa kujikokota, nikafika dirishani, nikalibamiza. Lilikuwa jambo la kwanza nililolifanya kwa hiari yangu tangu nilipolala.

Haukupita muda, nikasikia hodi.

"Mwenye nyumba hayupo," kaka alisema mlangoni. "Yuko China."

"Najua. Nimemletea supu ya pweza hukohuko China."

Akampita. Aliingia chumbani na chupa yake ya chai iliyojaa supu, akavuta kiti, akaketi karibu nami bila kuziba pua.

"Mwalimu, naona huko China, Guangzhou, mmefunga madirisha. Kuna baridi?" Kisha akaacha utani. "Pole sana, baba. Nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

Katika nyumba yangu hakuna aliyekuwa ameniita mgonjwa hadi siku ile. Nililia tena. Yeye alimimina supu, akangoja.

Alitueleza kwamba mdogo wake wa kike aliwahi kuugua hivyohivyo, na ndugu wakadhani anaringa. Alitibiwa katika kituo kimoja cha afya ya akili kisichoendeshwa kwa faida, kinachoishi kwa michango ya watu. Tangu hapo Mama Spika amekuwa akijitolea kuwatembelea wagonjwa wake.

"Kesho nampeleka," alisema.

"Ijumaa tunasafiri," kaka alijibu.

"Kaka yangu, angevunjika mguu, ungempandisha basi na kumfunika shuka?"

"Mguu ni mguu."

"Na hiki ni kichwa. Kiko juu ya mguu. Usipompeleka, spika yangu itatangaza kwamba Mwalimu karudi kutoka China, waje wampokee."

Kaka alimtazama ili ajue kama anatania. Hakupata uhakika. Kesho yake sote wanne tulikwenda kituoni.

Daktari alikuwa binti wa umri wa kuweza kuwa mwanangu. Aliniuliza waziwazi kama nimewahi kufikiria kujiua. Nilimjibu kweli, na mke wangu akanishika mkono.

"Baba, ugonjwa wako unaitwa sonona," daktari alisema. "Unatibika. Haukukupata kwa sababu wewe ni dhaifu."

"Hajarogwa?" kaka aliuliza.

"Ameugua, baba. Na sasa ameanza matibabu. Msimwache peke yake."

Mwanzoni dawa zilinikausha kinywa na kunilaza mchana. Nilitaka kuziacha. Daktari alinionya nisiache chochote bila kumwambia, akanibadilishia muda wa kumeza. Kila juma nilizungumza na mshauri wa kituo, mtu mpole ambaye hakuniruhusu kujificha nyuma ya vitabu. Kaka naye aliahirisha safari. Mkulima huyo wa mahindi alikuwa akienda soko la samaki la Feri kila asubuhi, akipatana bei na wachuuzi na kurudi na pweza akiwa na furaha ya mshindi.

Afya ilirudi kidogo kidogo. Nilianza kuisikia tangawizi kwenye chai. Choo kikalainika. Nikamaliza ukurasa mzima, nikakumbuka nilichokisoma. Mwisho zikarudi hasira. Nilioga, nikachomekea shati, nikavuka barabara na kumwambia Mama Spika apunguze sauti.

"Mwalimu kapona!" alipiga kelele, na wachukuzi wakanipigia makofi.

Kituo kilitaka kuwaelimisha watu wa sokoni kuhusu magonjwa ya akili. Karatasi walizogawa ziliishia kufungia karanga. Jumamosi moja Mama Spika aliizima sauti yake, akanipa kipaza sauti.

"Sauti unayo," alisema. "Miaka yote umeimalizia kwangu."

Nilisema: "Mimi ni Damian Haule. Sikwenda China. Nilikuwa ghorofa ya tatu, nikiumwa sonona. Nimetibiwa, nimepona, niko hapa."

Wachukuzi waliweka mizigo chini. Kisha Bwana Rashidi akapaza sauti: "Sasa soli zangu za raba?"

Watu walicheka hadi wengine wakashika meza. Lakini walipotawanyika, alinifuata nyuma ya duka, kicheko kimemwisha. "Mwalimu, mke wangu tunasema yuko Muscat. Yuko ndani. Nimpeleke wapi?"

Tulimpeleka pamoja. Siku hizi mama huyo hufika kwenye kikao chetu cha kila Jumamosi jioni, katika stoo ya Mama Spika, tunapokaa juu ya marobota ya mabegi, wagonjwa na waliopona, na kutaniana kuhusu nchi tulizodaiwa kuzitembelea.

Nakushauri wewe unayesoma: mwenye sonona mjulie hali kama unavyomjulia mwenye homa. Mpelekee chakula. Muulize wazi, umsikilize, umsindikize kwa daktari wa kweli. Na ukiambiwa amesafiri, panda ngazi uhakikishe.

Namshukuru Mungu, mke wangu, kaka yangu na watu wa kituo. Spika ile bado naiona iko juu mno. Mwenye nayo mtaa unamfahamu kwa utani, lakini mimi namwandika hapa kwa jina alilopewa na wazazi wake: Mwanahawa Saidi Chilumba.