Zamu ya Kujibu

Niliacha shule darasa la sita, mwaka ambao wazazi wetu walifuatana kaburini, nikabaki Maramba na wadogo zangu wanne. Kitu pekee cha shule nilichobaki nacho ni kusoma gazeti. Nilianzia ukurasa wa mashairi, na siku moja nikatuma langu, la kulalamikia ulezi. Nikajibiwa kwa vina vilevile na mwanamke wa Pangani nisiyemjua:

Wali wako waungua, u wapi mpishi wewe?

Nilicheka peke yangu jikoni. Tangu msiba hakuna aliyethubutu kunitania. Nikamjibu, naye akajibu, ikawa hivyo miaka mingi. Kila shairi likishachapwa tuliandikiana barua, na humo hatukurushiana maneno. Alinieleza mimba zake zilizoharibika, mimi nikamweleza mdogo wangu wa kiume aliyekataa shule. Aliniita shoga yake. Hatukuwahi kuonana.

Majibizano yale yalikuwa na adabu yake. Ukishauliza, unangoja mwenzako ajibu gazetini, mbele ya wasomaji. Kumwandikia barua kabla hajajibu ni kumwambia kashindwa.

Shairi lake la mwisho liliniuliza mlezi hulelewa na nani. Nilijibu kwamba mimi nimelelewa na yeye, nikalituma shairi gazetini. Gazeti halikufika Maramba kila siku, nikaamini shairi langu limechapwa siku ambayo gazeti halikufika. Nikangoja barua yake. Kumbe ukurasa wa mashairi ulikuwa umeondolewa kabla langu halijachapwa.

Mwaka huu muuza nazi mmoja sokoni aliniambia kwamba yule mtunzi wa Pangani, wa ng'ambo ya mto, ameanguka, hasemi. Nikaichukua nakala ya shairi langu, nikaenda Pangani, nikavuka kwa kivuko.

Binti yake alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Natokea Maramba."

Akaufungua mlango wote. "Ndiye wewe? Mama kakusengenya mpaka basi. Eti mwanamke wa Maramba amevimba kichwa, ameshindwa kujibu na hataki kukiri."

"Nilijibu. Nilikuwa nangoja barua yake."

"Naye alikuwa anangoja jibu lako. Nikamwambia, mama, si umwandikie tu? Akaniuliza kama nataka amwaibishe mwenzake."

Mama yake alikuwa amelala chumba cha uani, khanga imemfika kifuani, mdomo umepinda upande mmoja. Nilikuwa nimezoea mwandiko wake mkubwa, nikadhani nitamkuta mtu wa umbo kubwa. Nikamshika mkono, nikamtajia jina langu. Macho yake yalinipita, yakatua dirishani.

Nikasoma. Nilipofika ubeti wa tatu, ule unaomtaja yeye, nilipandisha sauti kama ninayemsemesha kiziwi. Hakugeuka. Nikaurudia.

"Basi, mama," binti akasema taratibu. "Anachoka."

Nikakunja karatasi. Wakati wa kumgeuza ulikuwa umefika, tukamgeuza, mimi mabegani, binti kiunoni, tukamwekea mto mgongoni. Nikamlisha uji kwa kijiko. Mwingine aliumeza, mwingine ulirudi, nikawa namfuta kidevu.

Binti alinisindikiza hadi kivukoni. "Akisema lolote nitakupigia," aliniahidi.

Nikamshukuru, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amenieleza, tukiwa njiani, kwamba daktari ameshawaambia kuwa mama yao hatasema tena, na kwamba hawana hakika kama anasikia.