Chakula cha Moto Uwanjani Biharamulo

Usicheke. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe. Nimesoma na masista mpaka sekondari, na mambo ya mizimu nilikuwa nayadharau kuliko wewe.

Wakati ule Mwingereza ndiye alikuwa na nchi. Binti yangu, bado ananyonya, alibanwa kifua. Daktari wa Ngara akasema mpeleke Mwanza. Ndege ya serikali imeleta dawa Biharamulo, inarudi na kiti kitupu. Nilisafiri kwa lori bila kutia kitu mdomoni. Nafika uwanjani, yaani pori lililofyekwa na kibanda kimoja cha bati, maziwa yamekauka. Mtoto anavuta titi, anaachia, analia. Rubani yuko kwenye kutia mafuta. Nisipokula upesi, huyu mtoto hafiki.

Mwenye kibanda akanitajia bei ya chai na mkate, nikadhani ananiuzia kibanda.

"Hiyo ni bei ya ndege, dada. Bei ya lori umeiacha kwenye lori."

"Basi nipe uji."

"Uji? Hapa wanakula mabwana!"

Nilimtukana. Amini usiamini, hata leo sijutii.

Nikaenda nyuma ya kibanda nilie peke yangu. Nikamkuta bibi mmoja ameketi kando ya mafiga, chungu cha ndizi na maharage kinatokota.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto ana njaa na wewe unagombana? Kaa ule."

"Bei gani?"

"Nimekwambia kula."

Sasa, kwetu Wahangaza wa Ngara anayekupa chakula huonja yeye kwanza mbele yako, ujue hakina sumu. Huyu hakuonja. Nikamwambia aonje.

"Nyie Wahangaza!" akacheka. Akatia kipande cha ndizi mdomoni, akatafuna, akameza. Na mimi nikakiona kile kipande kikidondoka chini yake kwenye nyasi, kizima, kinafuka mvuke. Kilimpita kama maji kwenye chujio.

"Umeridhika?" akauliza. "Sumu hamna. Tumbo ndilo sina."

Wewe ungefanya nini? Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini mtoto alikuwa ameacha kulia, na ukimya ule ulinitisha kuliko yule bibi. Nikala. Nilikula mpaka nikaunguza ulimi. Sijamaliza, nikasikia maziwa yananichoma kifuani. Mtoto akashika titi, nikamsikia anameza.

Ndege ikanguruma. Niligeuka kidogo tu kuitazama. Kurudisha macho, hakuna bibi wala chungu. Mafiga yameota kuvu, katikati yake majani marefu. Vidole vyangu vilikuwa bado na mchuzi wa moto.

Mpakia mizigo alinieleza nikipanda: pale palikuwa kijiji kabla watu hawajahamishwa ili pafyekwe uwanja wa ndege. Bibi mmoja aligoma kuhama, akafia jikoni kwake.

Binti yangu alipona. Leo ana mdomo kunishinda. Nimezaa wengine, na kila nilipowanyonyesha nilisikia harufu ya moshi wa kuni, hata kama jikoni hakuna moto. Siogopi tena. Naamkia tu, "Shikamoo, bibi," naendelea.

Ila wewe unayewauzia wasafiri chakula, sikiliza. Siku ukimfukuza mama mwenye mtoto mgongoni, chungulia nyuma ya kibanda chako. Kuna mtu alikuwa anapika hapo kabla yako, na hajaondoka.