Walisema Mrefu Anaondoka

Timu yetu ya mtaani pale Kismayo ilikuwa na kila kitu isipokuwa urefu. Tulikuwa na watu wa mbio, tulikuwa na mmoja aliyeweza kuurusha mpira kutoka mbali ukazama kikapuni bila kugusa chuma, na mimi mwenyewe, ingawa umri ulikuwa umeshaanza kunishika magotini, niliijua kazi ya kugawa mipira. Lakini kila mpira uliogonga ubao na kurudi uliokotwa na wapinzani. Tukawa tunacheza vizuri na kufungwa.

Kocha wetu alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mkimya mwenye Kisomali cha taratibu, kana kwamba saa zote yuko mbele ya darasa. Siku moja baada ya mazoezi aliniita pembeni.

"Wewe ndiwe mkubwa hapa," aliniambia. "Nitafutie mtu mrefu. Hata kama hajui mpira."

"Asiyejua mpira utamfanyia nini?"

"Mpira utamfundisha wewe. Urefu hatuwezi kumfundisha."

Nilicheka, lakini njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshampata mtu kichwani. Mama yangu mdogo alikuwa na mwana wake kisiwani Chovae, kijana ambaye kila mlango wa kule aliuingia kwa kuinama. Kwetu mtoto wa mama mdogo haitwi binamu. Huyo ni mdogo wako, basi. Vita vilipozuka mwaka wa tisini na moja, mama na mdogo wake walikimbilia Mombasa pamoja, na mimi nikazaliwa huko, nikaujua mpira wa kikapu kwenye uwanja wa shule. Mama mdogo hakuuzoea mji. Mara tu njia ilipotulia kidogo alirudi kisiwani, akaolewa, akazaa. Mimi nilirudi baadaye sana, nimeshakuwa fundi wa kuziba boti za faibaglasi, na nikafika Kismayo tu, kwa sababu boti zinazopasuka ziko huko.

Basi nikapata nafasi kwenye boti iliyokuwa inapeleka barafu Chovae. Nilimkuta mama mdogo anasuka ukili barazani. Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Huo mpira unachezwa na watu wazima?"

"Watu wazima, mama."

"Huko mjini atakula wapi?"

"Kwangu."

"Na kulala?"

"Kwangu vilevile."

"Kitanda chako kitamtosha?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Alicheka, akaweka ukili chini. "Mchukue," alisema. "Lakini sikia. Mchu huyu nakupa mkononi, na mkononi nitampokea." Kule kisiwani mtu huitwa mchu.

Mdogo wangu mwenyewe alikubali upesi kuliko mama yake. Kazi yake ilikuwa kuzamia kamba-koche miambani, na alikuwa ameanza kuumwa masikio. Alifunga nguo zake kwenye kikoi, tukaondoka na boti ileile.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kuchekesha. Aliudaka mpira kama anayemtoa kamba pangoni, kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani na kukataa kuuachia mpaka wenzake walipomwomba. Alipoambiwa akimbie alikimbia, alipoambiwa asimame hakusimama kwa wakati. Lakini mikono yake ilikuwa kitu kingine. Mpira ulioigusa haukuponyoka. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikuwa nakwenda naye uwanjani kabla ya wenzetu, narusha mpira ubaoni, yeye anaudaka.

"Ukishaudaka, usiushushe," nilimwambia. "Uweke juu hukohuko. Chini kuna wezi."

Alikuwa mwepesi wa kujifunza kwa sababu hakuwa na mazoea mabaya ya kuacha. Kufikia katikati ya msimu mipira inayorudi ikawa yetu. Tulianza kushinda, kwanza kwa shida, kisha bila shida sana, na watu ambao hawakuwahi kuja uwanjani wakaanza kuja kumtazama mrefu wa visiwani. Walimwita hivyo, Mrefu, na yeye akalipenda.

Uvumi niliusikia kwa mara ya kwanza kwa kinyozi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, wembe uko shingoni, kinyozi akaniuliza kama ni kweli mrefu wetu anakwenda Mogadishu. Nikamwambia sijui habari hiyo. "Mimi nimesikia tu," alijibu, akaendelea kunyoa. Siku ya pili haikuwa Mogadishu tena. Sasa alikuwa anachukuliwa na timu ya Farjano, mtaa mwingine wa hapohapo Kismayo, wapinzani wetu wa siku zote. Kocha wa Farjano alikuwa ameonekana mkahawani na kocha wetu, wanakunywa chai ya maziwa, na hawakuwa wanacheka. Watu wawili wasiocheka mbele ya chai lazima wana jambo.

Baada ya hapo hapakuwa na wa kuuzuia. Dada yangu alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Mombasa akiuliza habari hizo. Jirani zetu wa zamani, walioko Uswidi sasa, walikuwa wamemwambia yeye, nao wamezipata kwa mtu wa Kismayo. Habari ilitoka mtaani kwangu asubuhi, ikapita Ulaya, ikanirudia alasiri kupitia Mombasa, na njiani ilikuwa imeongezewa nyumba na pikipiki atakazopewa Mrefu akikubali kuhama.

Uwanjani mambo yalianza kuharibika. Baadhi ya wenzetu waliacha kumpa pasi, wakisema ni vizuri tuzoee kucheza bila yeye. Wengine walimbembeleza. Kila mazoezi yakiisha kulikuwa na mtu anayemletea juisi ya embe na kumuuliza kama amepumzika vizuri. Yeye mwenyewe alikunywa juisi zote na kusema ukweli wake: "Mimi sijaambiwa kitu." Hakuna aliyemwamini. Tulipoteza mchezo ambao tungeushinda tukiwa tumefumba macho.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ya peke yangu. Nahodha mmoja wa boti aliniletea salamu kutoka Chovae: mama mdogo anauliza, ni kweli mwanangu ameuzwa? Nilimwambia amjibu kwamba hapana. Lakini nilipokuwa nakwangua boti siku hiyo nilijiona natoa jibu nisilolijua. Nikaacha kazi, nikanawa mikono, nikaenda shuleni kwa kocha.

Nilimkuta anasahihisha madaftari chini ya feni isiyozunguka. Nilimwambia nimepewa kijana wa watu mkononi, na kama anahama nataka kujua leo, kutoka kwake.

Aliweka kalamu. "Hawamtaki yeye," alisema.

"Sasa uvumi huu wote umetoka wapi?"

"Wamekuja kuomba mchezaji, hilo ni kweli. Ila wanakutaka wewe."

Nilidhani nimekosea kumsikia. Mchezaji wa umri wangu haombwi na mtu. Kocha alinieleza taratibu, kama hesabu. Farjano walikuwa na vijana warefu watatu, wote wana nguvu, na hakuna wa kuwapa mpira mahali wanapoutaka. Tena kocha wao alikuwa amemtazama Mrefu akiingia msimu hajui kusimama na akiutoka ni tegemeo la timu, akauliza nani amemfundisha. Kwa kunichukua mimi wangetupatia mshambuliaji wao mmoja, kijana wa kasi.

"Na wewe umekubali?"

"Nimewaambia nitakuuliza."

"Hukuniuliza."

"Nilikuwa natafuta maneno," alisema, na nikaona kwamba ni kweli, mtu huyu wa hesabu alikuwa amehangaika. "Ukitaka kubaki utabaki, na hakuna atakayekuondoa. Lakini sitakudanganya. Msimu ujao mgawaji wetu kijana ndiye atakayeanza. Wewe utakaa benchi. Kule utacheza, na wale warefu wanakuhitaji."

Nilitembea kurudi nyumbani na moyo mzito, si wa hasira, ila kama wa mtu aliyeambiwa umri wake mbele ya wageni. Mke wangu alikuwa anakaanga samaki. Nilimsimulia yote nikiwa nimesimama mlangoni.

"Farjano ni mbali?" aliniuliza.

"Bajaji tu."

"Utaacha kumwona kocha wako?"

"Nitamwona kila siku. Tunasali msikiti mmoja."

"Na huko unacheza, na hapa unakaa."

"Ndiyo."

Aligeuza samaki. "Basi mimi sioni unalolilia," alisema, na kwa kweli sikuwa nalia, lakini nilielewa.

Mdogo wangu aliporudi na kuelezwa, alikaa chini na kucheka mpaka akashika mbavu. "Mwezi mzima wananinywesha juisi mimi," alisema, "kumbe anayeondoka ni wewe!" Kisha akauliza jambo ambalo limenikaa moyoni mpaka leo. "Na mimi sasa nani atanipa pasi?"

"Yule mgawaji wetu kijana. Mwambie mpira anaokupa uje juu ya bega la kulia. Mimi nimeshamwambia."

Nilimpigia simu mama mdogo siku mtandao wa kisiwani ulipokubali. Nilimwambia mwanawe yuko palepale, na bado analala kwangu, kwenye godoro nililoliunganisha na jingine miguuni.

"Kwa hiyo aliyeuzwa ni wewe," alisema.

"Sikuuzwa, mama. Nimebadilishwa."

"Na nani?"

"Na kijana mmoja wa Farjano."

"Ana urefu?"

"Si kama wa mwanao."

"Basi huko unakokwenda wamefaidi," alisema, nami nilifurahi kuliko nilivyotaka aone.

Farjano walinipokea vizuri. Kwa wenzangu wa zamani nilikuwa walaal, ndugu. Hawa walianza siku ya kwanza kuniita adeer, baba mdogo, na wakanisogezea kiti. Kile kiti nilikirudisha. Wale warefu watatu walikuwa wanasimama wote mahali pamoja wakingoja mpira kama watu wanaongoja lori. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwatawanya. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka, nina njaa, na hamu ya kesho.

Mchezo wa timu zetu mbili ulipofika, mama mdogo alikuja na boti iliyoleta samaki. Alikaa upande wa wanawake, na mke wangu akaniambia baadaye kwamba alipiga makofi kila mpira ulipoingia, uwe wa nani, mpaka waliokaa karibu naye wakachoka kumuuliza yuko upande gani. Robo ya mwisho nilipata njia, nikaingia hadi chini ya kikapu, nikaruka kwa kadiri ya magoti yangu. Sikumwona mdogo wangu anakuja. Aliupiga mpira wangu ukaenda hadi kwenye kuta za uwanja, na uwanja mzima ukasimama. Nilikuwa nimeanguka; alininyooshea mkono nikainuka. Walitushinda kwa kikapu kimoja.

Tulikula pamoja alasiri ile, wali na samaki wa nazi na ndizi pembeni. Mama mdogo alimgeukia mwanawe.

"Ule mpira wa mkubwa wako, ndivyo unavyoupiga?"

"Ndivyo unavyopigwa, mama."

"Hata kama ni wa mkubwa wako?"

"Hasa kama ni wa mkubwa," nilisema mimi, na tukacheka sote, isipokuwa mama mdogo, aliyekuwa bado anapima kama ni heshima au si heshima.

Alikaa nasi hadi Ijumaa. Kabla hajarudi alitaka kuwaona hao vijana wangu wapya. Nikampeleka mazoezini. Alisimama kando ya mstari na buibui lake, akawatazama mmoja mmoja, kisha akamwita yule mrefu kuliko wote na kumwambia kwa Kisomali kwamba amekonda mno kwa kazi hiyo. Kijana alikubali kwa adabu. Boti iliyofuata kutoka Chovae ilileta ng'onda, papa mkavu, katika kifurushi cha ukili, na nahodha alikuwa ameagizwa asimkabidhi mtu mwingine ila yule mwembamba wa Farjano.