Kigae cha Makaa

Jirani yake Minza pale Ipililo alikuwa bibi mwenye viganja vilivyochanwachanwa na mabua ya pamba. Tangu wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na kila mtu akapanua shamba, miti ilikwisha, na bibi huyo akawa mtu wa kuni za mabua: kuyang'oa, kuyakung'uta, kuyavunjia gotini, kuyarundika nyuma ya nyumba mpaka yalingane na paa. Kila alfajiri alimletea Minza makaa ya moto kwenye kigae cha chungu, akiyakinga upepo kwa kiganja kama aliyebeba kifaranga, na kumwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mwanangu. Moto wako umelala?"

Mwaka mmoja bwana shamba aliitisha mkutano. Mabua yanaficha wadudu wa pamba, alisema, kwa hiyo yachomwe yote siku moja. Anayekubali anyooshe mkono. Mikono ikanyooka, na wa Minza ukiwamo, maana mumewe alikuwa anamtazama. Bibi peke yake aliacha yake mapajani.

"Unapinga, mama?"

"Sipingi, baba. Nauliza tu, tutapikia nini?"

Watu wakacheka. Siku ya kuchoma, rundo lake lilipowashwa, alikimbilia ndani akatoka na sufuria ya maji ya ugali, akalizunguka rundo akitafuta pa kuibandika, lakini joto likamfukuza kila upande.

Alfajiri iliyofuata Minza akasikia sauti ileile mlangoni. "Mwangaluka, mwanangu. Una moto?" Bibi alikuwa ameshika kigae kitupu, na kiganja chake bado kilikuwa kinakinga upepo.